Je, herufi za mwanzo za neno la Kiingereza zina maana yake zenyewe?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Ninajifunza Kiingereza kwa kuandika maneno mapya katika daftari kwa mpangilio wa alfabeti, na nimeona kwamba maneno mafupi yanayoanza kwa herufi zilezile mara nyingi hukaribiana maana. 'Glow', 'gleam', 'glitter' na 'glare' yote yanahusu mwanga. 'Sniff', 'snore' na 'sneeze' yote ni ya pua. 'This', 'that' na 'there' yote huonyesha kitu au mahali. Je, herufi hizo za mwanzo zina maana kama viambishi vya Kiswahili? Naweza kuzitumia kukisia maana ya neno nisilolijua? Na jambo dogo la mwisho: kwa nini 'who' haitamkwi kwa sauti ya w, ilhali 'what' hutamkwa nayo?"

Ndugu msomaji, ulichokiona ni cha kweli, ila alfabeti imekuchanganyia mambo. Imeyaweka pamoja maneno ambayo ni ndugu wa damu, maneno ambayo ni majirani waliozoeana, na maneno ambayo hayajuani kabisa, na yote yakavaa sare moja. Jibu langu kwa hiyo haliwezi kuwa ndiyo wala hapana kwa herufi zote kwa pamoja. Kila kundi lina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayoamua kama unaweza kuliamini au la.

Kwanza tuondoe ulinganisho na viambishi vyetu, kwa sababu ndio unaopotosha zaidi. Katika neno "kitoto" ukiondoa ki- unabaki na -toto, mzizi uleule unaoukuta katika "mtoto", "watoto" na "utoto". Kila kipande kina kazi yake na kinaweza kuhamishwa. Sasa chukua 'glow' uondoe gl-. Unabaki na "ow", ambayo si mzizi wa neno lolote. Ukifanya hivyo kwa 'gleam' unapata "eam", na kwa 'glitter' unapata "itter", vipande ambavyo Mwingereza mwenyewe hawezi kukueleza ni vya nini. Kwa hiyo gl- si kiambishi, hata kama inaonekana kubeba maana.

Hata hivyo inabeba kitu fulani, na si wewe wa kwanza kukiona. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati Mwingereza ambaye miaka miwili baadaye alianza kutumia alama ya ukomo ∞, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, na ndani yake akaorodhesha makundi ya konsonanti za mwanzo pamoja na maana alizodhani zimo. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1930, mwanaisimu J. R. Firth alilipa jambo hili jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita fonestimu: mfuatano wa sauti ambao si mofimu kamili (yaani si kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana yake), lakini unajirudia katika maneno yenye maana zinazokaribiana. Msimamo wa jumla wa isimu, tangu mihadhara ya mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure ilipochapishwa mwaka 1916, ni kwamba uhusiano kati ya sauti ya neno na maana yake ni wa nasibu, na hakuna kinachomlazimu mbwa kuitwa mbwa. Fonestimu haziupindui msimamo huo, bali zinautia mkwaruzo.

Tukae kidogo na gl-, maana ndiyo inayotajwa kuliko zote. Baadhi ya maneno yake ni ndugu wa kweli. 'Glow', 'gleam', 'glitter' na 'glass' yanarudishwa na wanahistoria wa lugha kwenye mzizi wa kale sana uliomaanisha kung'aa. Hata 'glad', ambalo leo ni kufurahi, katika Kiingereza cha Kale lilimaanisha pia kitu kinachong'aa, jambo ambalo halitushangazi sisi tunaosema uso wa mtu umenawiri. Lakini mzizi huohuo umezaa pia 'gold' na 'yellow', yaani dhahabu na rangi ya manjano, ambayo hayana gl- mwanzoni. Ndugu wawili, basi, wako nje ya ukurasa wako wa gl-, wakati ndani yake wamo wageni wengi.

Wageni hao ndio wanaonivutia mimi zaidi. 'Glance' lilianza likieleza silaha inayopiga kwa upande na kuteleza badala ya kuzama. Baadaye likahamia kwenye jicho linalopita juu ya kitu na kuondoka. 'Glamour' ni la ajabu zaidi: ni umbo la Kiskoti la neno 'grammar', sarufi. Watu wasiosoma waliamini kwamba elimu ya vitabu na uchawi ni mamoja, kwa hiyo neno likawa na maana ya uganga unaofunika macho ya mtu asione kitu kilivyo, na mwisho likawa mng'aro wa watu wa sinema na mitindo. Maneno haya hayakuzaliwa katika ukoo wa mwanga. Yaliingia katika mtaa wake, na majirani wakayavuta. Hivyo ndivyo fonestimu zinavyofanya kazi: kundi likishakuwa na maneno ya kutosha yenye maana inayofanana, msemaji huanza kusikia maana hiyo katika sauti yenyewe, na maneno mapya au ya kukopa huvutwa kuelekea huko.

Je, hali hiyo imo kweli katika akili za wasemaji, au ni mchezo wa watunga kamusi? Mtafiti wa lugha Benjamin Bergen aliipima katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004. Wasomaji walionyeshwa neno moja kwa muda mfupi sana, kisha la pili, wakatakiwa kuamua haraka kama hilo la pili ni neno halisi la Kiingereza. Maneno mawili yaliposhirikiana sauti ya mwanzo na maana kwa pamoja, kama 'glitter' na 'glow', uamuzi ulikuwa wa haraka kuliko yaliposhirikiana sauti tu au maana tu. Kwa hiyo gl- imo akilini mwa msemaji, hata kama haimo katika sarufi.

Lakini katika utafiti huohuo kuna hesabu inayojibu swali lako la pili, lile la kukisia. Katika mkusanyo wa maandishi unaojulikana kama Brown, wenye takriban maneno milioni moja yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961, maneno ya gl- yanayohusu mwanga au kuona ni karibu asilimia 39 ukihesabu kila neno mara moja, na karibu asilimia 60 ukihesabu kila linapotokea. Zisome takwimu hizo mbili kwa makini. Ile kubwa inatokana na maneno ya kawaida yanayorudiwarudiwa, ambayo wewe tayari unayajua. Ile ndogo ndiyo inayohusu maneno adimu, yaani yale utakayotaka kuyakisia, na inasema kwamba zaidi ya nusu yake hayahusiani na mwanga wala macho. 'Glove' ni glovu, 'glue' ni gundi, 'glen' ni bonde jembamba, 'glut' ni wingi wa kupita kiasi. Na 'gloom' ni kiza! Niliwahi kusahihisha tafsiri ya mwanafunzi aliyeandika kwamba nyumba ilijaa nuru wakati mwandishi alisema imejaa kiza, na nilipomuuliza alinijibu kwa ujasiri kwamba gl- ni mwanga. Hakuwa mbali na ukweli, kwa kuwa kiza nacho ni habari ya mwanga, isipokuwa alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Kundi la sn- linafanana na gl-, ila lina sababu moja ya ziada. Sauti ya n hutolewa kwa hewa inayopita puani, kwa hiyo kuna mantiki ya kimwili katika kuitumia kwa mambo ya pua. Nasi tuna "nusa", "nuka" na "nukia", ingawa "chafya" na "koroma" hazikufuata. Angalia jinsi 'sneeze', kupiga chafya, lilivyoingia kundini. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa 'fneosan', kwa fn-. Mfuatano wa fn- ulipotoweka katika lugha, neno lilihitaji mwanzo mwingine, na likajikuta kwenye sn-, pamoja na 'snore', 'snort', 'snout' na 'snot'. Katika maandishi ya zamani s iliandikwa ndefu hata ikafanana sana na f, na hilo nalo huenda lilisaidia. Lakini ukurasa wako wa sn- una pia 'snow', ambayo ni theluji, 'snake', ambayo ni nyoka, na 'snail', ambayo ni konokono, na hakuna pua hata moja hapo. Nyoka na konokono wana uhusiano wao wenyewe, wa kutambaa.

Sasa tuje kwenye 'this', 'that' na 'there', na hapa nabadilisha sauti yangu kabisa, kwa sababu huu si ujirani tena. Th- ya maneno haya ni mabaki ya mzizi halisi wa kuonyesha, na hapa msomaji wa Kiswahili ana kipimo ambacho wanafunzi wengine wengi hawana. Kiingereza huandika th kwa sauti mbili tofauti ambazo sisi tunaziandika kwa herufi tofauti: ile ya "dhahabu" na ile ya "thelathini". Mwanzoni mwa neno, sauti ya dh hupatikana karibu tu katika maneno madogo ya kisarufi: 'the', 'this', 'that', 'these', 'those', 'there', 'then', 'than', 'thus', 'though', 'thou', 'they', 'them', 'their'. Maneno yenye maana nzito, kama 'thin', 'thick', 'thumb', 'thief', 'think' na 'three', yote huanza kwa th ya thelathini. Kwa hiyo si herufi zinazokupa jibu, bali ni sikio: ukisikia dh mwanzoni mwa neno la Kiingereza, uko mbele ya neno la kuonyesha, la kurejelea au la kuunganisha, na ni nadra sana utakosea. 'Through' huandikwa kama ndugu yao na hufanya kazi ya kisarufi, lakini sauti yake ni ya thelathini, nalo kweli halimo katika ukoo huo.

Niongeze kwamba hata ukoo huu uliosimama imara ulipokea watu wa nje. 'They', 'them' na 'their' yaliletwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Kabla yao Waingereza walikuwa na viwakilishi vinavyoanza kwa h-, ambavyo vilikuwa vimeanza kuchanganyika na vile vya umoja. Ni jambo lisilo la kawaida lugha kukopa neno la msingi kama "wao", lakini neno lenyewe lilikuwa na mwanzo unaofaa, maana lugha ya wageni na ya wenyeji zilikuwa na babu mmoja.

Ukiweka th- pamoja na h- na wh-, mpangilio wake unapendeza. 'Here' ni hapa, 'there' ni pale, 'where' ni wapi. 'Hither' ni kuja huku, 'thither' ni kwenda kule, 'whither' ni kwenda wapi. 'Hence', 'thence' na 'whence' ni kutoka hapa, kutoka pale, kutoka wapi. 'Then' ni wakati ule na 'when' ni wakati gani. 'That' ni kile na 'what' ni nini. Mengi ya haya yamechakaa na utayakuta tu katika maandishi ya zamani, lakini ukiyaona kwa pamoja unaelewa kwamba h- ilikuwa ya karibu, th- ya mbali, na wh- ya kuuliza. Hapa ndipo herufi za Kiingereza zinapokaribia zaidi kufanya kazi kama viambishi.

Najua utakachosema: nasi tuna h- ya karibu, katika "huyu", "hiki", "hapa", "huku" na "humu". Nakusihi usijenge chochote juu ya mfanano huo. H ya 'here' ilikuwa k katika lugha mama ya kale iliyozaa Kiingereza na Kilatini, na Kilatini kimeihifadhi katika 'cis', yaani upande huu. Kadhalika wh- ilikuwa kw-, nayo imebaki wazi katika Kilatini 'quis', 'quid' na 'quando', yaani nani, nini na lini. Ukirudi nyuma, basi, mfanano na h- yetu unatoweka. Sisi wenyewe viulizi vyetu hufanana mwishoni badala ya mwanzoni: "nani", "nini", "lini", "gani" kwa upande mmoja, "wapi", "vipi", "ngapi" kwa upande wa pili.

Wh- isiyo ya kuuliza ipo nayo, na haina umoja wowote wa maana: 'whale' ni nyangumi, 'wheel' ni gurudumu. 'White' na 'wheat', hata hivyo, ni ndugu, kwa kuwa ngano iliitwa kwa weupe wa unga wake.

Kundi ambalo ningekushauri uliongeze katika daftari lako, na ambalo hukulitaja, ni tw-. Hapa kuna ukoo safi unaotokana na namba mbili. 'Two', 'twice' na 'twin' yanajieleza. 'Twelve' kwa asili ni "mbili zilizobaki", yaani baada ya kuhesabu kumi, na 'twenty' ni kumi mbili. 'Between' ni baina ya viwili. 'Twine' ni uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa, na 'twist' linatoka katika wazo lilelile la vitu viwili kutenganishwa au kusokotwa pamoja. Hata 'twilight' imo humo, mwanga wa pande mbili, kati ya mchana na usiku. Yaliyo nje ni machache na mengi ni ya kuiga sauti, kama 'twitter', mlio wa ndege, na 'twang', mlio wa uzi uliovutwa.

Wr- nayo ina kiini kizuri, cha kupinda na kusokota: 'wring' ni kukamua nguo kwa kuisokota, 'wrist' ni kifundo cha mkono kinachogeuka, 'wreath' ni shada lililosukwa, 'wrinkle' ni kunyanzi, 'wriggle' ni kujinyonganyonga, 'wry' ni kwenda upande. Na 'wrong', kosa, kwa asili ni kilichopinda. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana kwetu mambo huenda kombo, mtu aliyepotoka ni mpotovu, na aliyenyooka ni mnyoofu. Kiingereza nacho hukiita kilicho sawa 'right', ambalo awali ni kilichonyooka. Lakini 'write', kuandika, halimo: lilimaanisha kuchora kwa kukwaruza juu ya mti au jiwe. W ya maneno haya yote ilitamkwa zamani, kama k ya 'knee', 'knife' na 'know', kisha zote mbili zikanyamaza kinywani na kubaki kwenye karatasi.

Kuna pia makundi ambayo herufi zake hazisemi lolote kuhusu maana, bali husema njia ambayo neno limepitia. Sk- mwanzoni mara nyingi ni alama ya Waskandinavia, kama katika 'sky', 'skin' na 'skill', kwa sababu maneno ya wenyeji yenye sk- yalikwisha kugeuka kuwa sh-. Ndiyo maana Kiingereza kina 'shirt' na 'skirt', shati na sketi, ambayo kwa asili ni neno moja lililoingia kwa milango miwili. Kukisia maana kwa sh- au sk- ni kazi bure.

Kuhusu matumizi, basi, ningekuambia hivi: tumia herufi za mwanzo kukumbuka, usizitumie kukisia. Ukishalijua neno 'glimmer' kwa kamusi na kwa sentensi uliyolikuta, kuliweka karibu na 'gleam' na 'glow' kutalifanya likae akilini, na hapo fonestimu inakufanyia kazi ileile inayomfanyia mzawa. Lakini neno usilolijua liulize kwanza sentensi yake, kisha kamusi. Isipokuwa dh- ya kuonyesha na wh- ya kuuliza, ambazo unaweza kuziamini kwa kiasi kikubwa, na tw- ambayo ni ya kuaminika kwa tahadhari, makundi mengine yatakusaliti mara nyingi mno. Na yatakusaliti kimyakimya, kwa sababu kisio lisilo sahihi huwa na sura nzuri ya kupendeza.

Limebaki swali lako la 'who'. Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilikuwa 'hwa', likitamkwa kwa h na w zote mbili, kama 'hwæt' lililozaa 'what'. Baadaye irabu yake ilisogea hadi ikawa ya kuviringa midomo, kama u yetu. Jaribu kutamka w halafu u taratibu mbele ya kioo: midomo haiendi popote, imekwisha kuwa ya duara tangu w. W ikamezwa na irabu, ikabaki h peke yake, ndiyo maana 'who', 'whom' na 'whose' husikika kwa h. Jambo lilelile lilitokea kwa 'two', ambalo huandikwa kwa w isiyosikika wakati 'twin' bado inaitamka, na lilitokea mapema zaidi kwa 'how', hata w yake haikuwahi kufika katika maandishi ya leo, ingawa nalo ni la ukoo wa viulizi. Kwa upande mwingine, 'whole', ambalo pia husikika kwa h, halikuwahi kuwa na w hata siku moja. Lilikuwa 'hal', ndugu wa 'heal' na 'health', kuponya na afya, na w iliongezwa na waandishi katika karne ya 15. Hilo lihamishie ukurasa wa h.